Wangu Alipanda

Jumapili ya Novemba 13, 2022 nilisimama mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Wiki moja kabla, Jumapili asubuhi vilevile, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwa watu 43. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwemo. Binamu yangu alikuwa asafiri siku ile. Mtoto wake aliamka na homa Ijumaa, akaahirisha.

Nikayasema yote pale mbele. Kwamba Mungu ni mwaminifu. Kwamba homa ile haikuwa homa, ulikuwa mkono wa Bwana. Kanisa likaitikia, mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele, nami nikarudi kwenye benchi nikiwa mwepesi kama mtu aliyemaliza kulipa deni.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Siku hiyo kulikuwa na jogoo wawili, trei ya mayai na mkungu mmoja wa ndizi. Mzee mmoja wa kwetu Kagera akanijia. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono na hakuuachia.

"Mwanangu, umesema vizuri. Tunamshukuru Mungu huyo ndugu yako amebaki." Akanyamaza kidogo, macho yake kwenye jogoo. "Wangu alipanda."

Nikaishiwa nguvu. "Pole sana, baba. Sikujua kama ulikuwa na mtu kwenye ile ndege."

"Siyo ndege. Meli. Tisini na sita."

Akaniachia mkono, akaenda kupandisha bei ya jogoo.

Ningekuwa mtu wa mkoa mwingine ningejitetea kwamba mzee kanionea. Lakini na mimi wangu alipanda. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mchuuzi wa ndizi. Alizipeleka Mwanza, akarudi na vitenge, sabuni na zile pipi za kahawia zilizokuwa zikitung'oa meno. Jumatatu ya Mei 20, 1996 alipandia MV Bukoba pale Kemondo. Kesho yake asubuhi, meli ikiwa imeshaikaribia Mwanza, ikapinduka. Nilikuwa darasa la tatu.

Kwa hiyo nilikuwa najua. Tangu utoto nilikuwa najua jinsi mtu anavyojisikia akikaa kwenye benchi huku mwenzake anamshukuru Mungu kwa tiketi aliyoikosa, maana wakati ule nao walikuwepo: aliyechelewa basi la kwenda Bukoba mjini, aliyeitwa na mdogo wake akiwa ameshafika bandarini, aliyeota ndoto. Bibi alikuwa akiwasikiliza wote kwa adabu na kuwapa chai. Mimi niliwachukia. Halafu nikafika miaka 36 nikawa mmoja wao, tena na kipaza sauti mkononi.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sitaki kudai kwamba kushukuru ni kosa. Binamu yangu yupo hai na mtoto wake amepona. Nisiposhukuru mimi nitakuwa mtu wa namna gani? Shida ilikuwa hesabu niliyoipiga. Kama Mungu ndiye aliyeshusha homa ili mmoja asipande, basi kuna nyumba 19 ambazo Ijumaa ile alizipita bila kushusha homa. Hesabu hiyo ndiyo niliyomkabidhi yule mzee nikitegemea aseme amina.

Nirudi 1996, kwa sababu majibu mabaya na mazuri yote niliyowahi kuyaona niliyaona mwaka ule.

Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Meli nzima ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430 hivi. Shangazi alikuwa daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hata idadi ya waliokufa haijawahi kukaa sehemu moja: wapo wanaosema mia nane na kitu, wapo wanaofika 1,000. Sisi kwetu tuliihesabu kwa vijiji. Kijiji hiki watatu, kile mmoja, kule mama na wanawe.

Na kuna lile jambo ambalo kila mtu wa Kanda ya Ziwa wa umri wangu analijua. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilibaki tumbo juu, na ndani walikuwepo watu hai wakigonga bati. Waliokuja kuokoa wakatoboa tundu. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikapita kwenye tundu lile, meli ikashuka pamoja na waliokuwa wakigonga. Habari hii ilipofika kijijini, bibi alitukataza watoto kugonga madebe. Hakutueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo, mtu akigonga sufuria kwa mwiko ili kudondosha ugali, nageuka.

Baba mdogo alikwenda Mwanza kutafuta. Akazunguka kwenye miili iliyopangwa, siku mbili, akarudi bila kitu isipokuwa harufu kwenye nguo ambazo bibi alizifua mara tatu kisha akazichoma. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, kwenye makaburi yale ambayo kila Mei 21 watu hukusanyika. Shangazi hakupatikana.

Sasa, Mhaya anazikwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, mahali ambapo mama akienda kukata ndizi anapita karibu yake. Na matanga yanahesabiwa kuanzia maziko. Yetu yangehesabiwa tangu lini? Watu walikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, siku ya nne, ya tano, ya saba, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema yamekwisha. Ndizi za kupika zikaanza kuisha. Kuni zikaisha kwanza.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, mtu mfupi mwenye baiskeli kubwa kuliko miguu yake. Siku ya kwanza alifika, akaegesha baiskeli kwenye mgomba, akavua koti, akauliza shoka liko wapi. Akapasua kuni mpaka jioni, akasali sala fupi ya kula, akaondoka. Siku ya pili hivyohivyo, ila alichota na maji. Siku ya tatu ndipo alipofungua Biblia. Akasoma Zaburi ya 88.

Zaburi nyingi za kilio huwa zinageuka mwishoni. Mtu analia, analalamika, halafu kwenye mistari ya chini anakumbuka wema wa Mungu na kuahidi kuimba. Hii ya 88 haigeuki. Inalalamika tangu mwanzo, inamshitaki Mungu kwamba ndiye aliyemlaza mtu shimoni, na inaishia hapo: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, Nao wanijuao wamo gizani." Basi. Mwinjilisti akafunga kitabu. Tukasubiri mahubiri. Akakaa chini kwenye nyasi.

Babu akamuuliza, "Mwinjilisti, ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, waitu."

Nakumbuka bibi, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajatoa sauti, akaanza kulia. Alilia mpaka usiku, wanawake wakimzunguka, na asubuhi yake akaomba uji. Mimi nilikuwa mtoto na sikuelewa kilichotokea. Leo naona kwamba mtu yule alimletea bibi ruhusa. Kila aliyepita pale alikuwa amemwambia ajikaze, amshukuru Mungu kwa yote, kazi ya Mungu haina makosa. Yeye akamsomea kutoka ndani ya Biblia ileile maneno ya mtu asiyejikaza na asiyeshukuru, na ambaye bado anayaita maneno yake sala.

Nimesema "kazi ya Mungu haina makosa." Sentensi hii tunaitumia misibani kama chumvi. Miaka mingi niliikasirikia, hadi nilipogundua kwamba bibi mwenyewe aliisema, baadaye, mwezi wa nane au wa tisa, akiwa anapalilia. Aliisema peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga. Mdomoni mwake ilikuwa na uzito, kwa sababu alikuwa ameilipia. Ayubu naye alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, lakini aliyesema ni Ayubu, ambaye wanawe ndio walioangukiwa na nyumba. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na hadi hapo walikuwa hawajakosea. Walikosea walipoanza kueleza.

Anayeisema akiwa jukwaani, shati limepigwa pasi, huyo nina neno naye.

Mwezi wa saba ulifika mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule, na mhubiri mgeni. Spika zilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Usiku wa pili akaigusa meli. Akasema Mungu ametupiga kwa sababu ya dhambi zetu, akazitaja: ulevi, uzinzi, matambiko. Mkumbuke hiyo ilikuwa Kagera ya miaka ya tisini. UKIMWI ulikuwa umeshapita kwenye nyumba karibu zote, na kabla ya UKIMWI vita ya Idi Amin. Tulikuwa tumezoea kuambiwa tuna laana. Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri, akanivuta mkono, tukaondoka katikati ya mahubiri. Njiani alisema jambo moja tu: "Shangazi yako alikuwa anauza ndizi."

Laiti mhubiri yule angegeuza kurasa chache. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu analetewa habari za msiba wa hadharani, Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa kwenye sadaka zao. Yeye akaongeza msiba mwingine, ule wa mnara: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Nusu ya kwanza inamfunga mdomo kila mwenye spika: Sivyo. Waliokufa msiwaguse. Nusu ya pili ndiyo iliyonisumbua miaka mingi, maana inaonekana kurudisha kwa mkono wa kushoto kilichotolewa kwa kulia. Nimesikia ikihubiriwa kwamba utubu leo, ajali inaweza kukukuta kesho. Labda. Lakini angalia toba inadaiwa kwa nani. Haidaiwi kwa waliolala chini ya mawe. Inadaiwa kwa waliosimama wanaangalia. Sisi tukafanya kinyume kabisa: tukawachunguza marehemu kama walikuwa wameokoka, na walio hai tukawapa pole na kuwaacha waende zao na mizani yao ileile.

Maana mnara una waliojenga na waliokagua. Na meli ina aliyekata tiketi, aliyepokea mzigo, aliyesema "hawa nao wapande", na abiria mwenyewe aliyejisukuma kwa sababu gulio la Mwanza halimsubiri. Ukishasema ni mapenzi ya Mungu, wote hawa wanavuka salama.

Nataka kuwa mkali hapa kwa sababu tumepewa mtihani uleule mara ya pili na tukafeli. Alhamisi ya Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Ukara, Ukerewe, siku ya gulio. Kivuko kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ziwa lilelile, sababu ileile, miaka 22 baadaye. Fundi mmoja wa kivuko alitolewa hai Jumamosi, baada ya siku mbili, kutoka kwenye chumba kilichobaki na hewa. Niliposikia habari ile nilikaa chini barabarani, kwenye kingo za mtaro, watu wakadhani naumwa. Nilikuwa nawafikiria wale waliokuwa wakigonga.

Jumapili iliyofuata tulisali, tukachanga rambirambi, tukasimama dakika moja. Yote mema. Lakini sikusikia mtu yeyote akituambia sisi tuliokaa kwenye mabenchi, na miongoni mwetu walikuwemo wenye mabasi, wenye boti, wakaguzi na askari wa barabarani, kwamba kuna toba fulani yenye namba, ya aliyeruhusiwa 101 akapakia zaidi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aungame, atakuorodheshea pombe na nyumba ndogo. Kuzidisha abiria hakujawahi kuwa dhambi kwenye orodha yetu.

Wala tusidhani hili ni la wenye vyombo peke yao. Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada, wakikanyagana kuwahi kupita juu ya mafuta ya upako. Pale hapakuwa na nahodha wa kulaumiwa. Chombo kilikuwa chetu.

Sitaki kuonekana kama mtu anayeona ubaya tu. Asubuhi ile ya Bukoba, 2022, waliofika kwenye ndege mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Kisha ikaja ile picha ambayo wengi tuliiona kwenye simu: umati ufukweni umeshika kamba, unaivuta ndege kwa mikono, wengine maji yamewafika kiunoni. Ilikuwa saa za ibada. Mimi nilikuwa kanisani Dar es Salaam, simu inatetemeka mfukoni, mahubiri hata siyakumbuki yalihusu nini. Kamba ile naikumbuka. Ukiniuliza imani ya Kikristo inasema nini msiba unapoanguka ghafla, nitakuonyesha kamba ile na shoka la mwinjilisti, ingawa ufukweni walikuwepo Waislamu na Wakristo na wasioswali wala kusali, na ziwa halikumuuliza mtu dhehebu lake. Kesho yake, uwanja wa Kaitaba, mashehe na maaskofu waliomba mbele ya majeneza yaleyale.

Paulo aliwaandikia Warumi walie pamoja na waliao. Hakuwaambia wawaeleze. Na Yesu mwenyewe, akijua kabisa atamfufua Lazaro dakika chache mbele, alilia kwanza, hata kabla hajafika kaburini. Hili huwa linanishangaza kuliko muujiza wenyewe. Mwenye jibu mkononi, analia.

Yule mzee wa mnada nilimfuata nyumbani kwake wiki iliyofuata. Ulikuwa msimu wa senene, mtu alikuwa amemletea wa kukaanga kutoka nyumbani, tukala. Nikamwomba radhi. Akasema hana kinyongo, ushuhuda ni ushuhuda. Nikamuuliza aliyepanda alikuwa nani. Akaniambia: mke wake, na jina, na alikuwa amevaa nini, na kwamba alikuwa na tabia ya kuimba akiwa anamenya ndizi, na kwamba alimsindikiza mpaka bandarini akamwona anapanda. Miaka 26. Alisema kwa muda mrefu na mimi sikusema kitu, nilikuwa nimejifunza. Wakati wa kuaga akaniuliza, "Na wako alikuwa nani?" Nikagundua kwamba tangu nihamie Dar es Salaam hakuna mtu kanisani aliyewahi kuniuliza. Na mimi sikuwahi kumuuliza mtu.

Mwaka jana nilikuwa navuka maji, sitasema wapi, kwa chombo cha wastani. Maturubai yamefungwa pembeni, magunia ya dagaa yamepangwa hadi mlangoni, kinamama wamekaa juu ya magunia. Jaketi okozi zilikuwa zimefungiwa ndani ya nailoni yake, safi kabisa. Ubavuni palikuwa na kibao cha idadi ya abiria, rangi imebanduka kwenye tarakimu ya kwanza. Nikamfuata kijana wa tiketi.

"Mdogo wangu, hiki kinabeba wangapi?"

"Kawaida tu, mzee wangu."

"Kawaida ni wangapi?"

Akacheka, si kwa dharau, kijana mwema tu aliyechoka. "Unaogopa? Tumwombe Mungu, mzee. Tutafika."

Nikamwambia kuomba nitaomba. Kisha nikamuuliza tena wamepanda wangapi, na nikabaki nimesimama pale gatini, begi mkononi, watu wakinipita.